Paka Ambaye Bi Eduviges Hakumshona

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Anayepika apunguze moto, sufuria iache kelele. Leo hakuna muziki. Anayetaka muziki azungushe kitufe, stesheni za mjini zipo tele na zina ngoma mchana kutwa. Hapa Redio Wilacollo leo tuna msiba.

Bi Eduviges Tarqui amefariki. Narudia, kwa walio mbali na kwa wale ambao redio zao zinakoroma: Bi Eduviges Tarqui, wa safu ya tatu ya nyumba za mgodi, yule mama wa paka, amefariki. Tulimzika Jumanne. Mimi ni Saturnino Colque, mnanijua, na sauti yangu leo si nzuri. Mtanivumilia.

Jambo lenyewe nitawaambia mapema, maana sipendi kumzungusha mtu. Bi Eduviges alikuwa na haja moja tu duniani. Alitaka mjukuu wake Wara arudi. Hakutaka dawa, hakutaka bati jipya la paa, hakutaka hata huruma yetu, na sisi huruma tulikuwa nayo kwa bei ya bure. Alitaka Wara arudi. Na Wara amerudi, wasikilizaji wapendwa. Amerudi kesho yake, baada ya mazishi.

Wengi mnamjua kwa paka. Tuanze kabla ya paka. Bi Eduviges alikuwa mwanamke wa kifusi, kama mama zetu wengi. Alikaa juu ya mawe yaliyotupwa na mgodi, nyundo mkononi, anapasua, anatafuta mabaki ya madini ya bati. Jua linachoma, upepo unachapa. Mumewe, marehemu Hilarión, alikuwa mchimbaji. Kifua cha mgodi, ule ugonjwa wa vumbi la mawe, kikamla taratibu, kama kilivyowala wenzake. Alipokufa, Bi Eduviges aliacha kifusi na kushika sindano. Aliziba makoti ya wachimbaji, aliweka viraka magotini, alirudisha vifungo. Rafiki yake Bi Casilda Yujra, aliyepasua mawe pamoja naye, anasema hivi: "Vidole vilikuwa vimepinda kama mizizi. Lakini uzi wake ulinyooka. Mimi vidole vyangu vimenyooka na uzi wangu unapinda. Mungu ana mambo yake."

Kisha kampuni ikafunga mgodi. Siku zile sina haja ya kuwasimulia, mlikuwapo. Malori yalikuja. Watu walipakia vitanda, meko, mabati. Walipakia milango. Ndiyo, watu waling'oa milango yao wakaondoka nayo hadi mji wa Cochabamba, kana kwamba kule hakuna mbao. Lakini paka hawakupakiwa.

Wa mjini mtatucheka. Sisi huku tunasema paka ni wa nyumba, si wa mtu. Ukihama naye, anabeba misiba yote ya nyumba ya zamani na kuitua kwenye nyumba mpya. Na nyumba za mgodini misiba ilikuwamo, jamani. Hapakuwa na mlango ambao haukutoa jeneza. Basi nani angethubutu kupanda lori na paka? Hata mimi nisingethubutu, na mimi najiita mtu wa maendeleo.

Kwa hiyo watoto waliwapeleka paka wao kwa Bi Eduviges. Hakuwaita. Walikuja wenyewe, mmoja mmoja, paka kifuani, kamasi zimeganda puani. Kwa nini kwake? Kwa sababu alikuwa na jiko la moto na hakuwa na mbwa. Basi akawapokea. Nyumba ikajaa. Bi Casilda akamwambia, "Somo, unafungua hoteli?" Akajibu, "Hoteli wanalipa."

Majina ya paka hao yalikuwa ya mambo ya mgodini. Kulikuwa na Nyundo. Kulikuwa na Karbidi, jina la yale mawe ya kuwashia taa za wachimbaji, naye alinuka vibaya kama yenyewe. Na kulikuwa na mmoja mnene aliyeitwa Meneja, kwa sababu alikula sana na hakuteremka shimoni hata siku moja.

Sasa, mambo ya kushona paka wa kitambaa yalianza hivi. Mtoto mmoja, Nilo Chambi, aliondoka akilia, hata lori lilipopita mlimani tulikuwa bado tunamsikia. Paka wake alikuwa Karbidi. Bi Eduviges hakuvumilia kile kilio. Alichukua blanketi kuukuu, akakata, akashona, akamtengeneza Karbidi wa kitambaa. Akampa dereva wa lori ampelekee mtoto huko Cochabamba.

Kazi yake niliiona kwa macho yangu. Alikata kwa jicho, bila kipimo. Kisha alimweka paka mwenyewe juu ya meza ili amtazame. Paka mnawajua, hawakai wakitazamwa. Anaondoka. Anarudishwa. Anaondoka tena. "We Meneja, kaa kitako, hulipwi kwa kutembea!" Ndani ya kitambaa alijaza sufu ya kondoo, na katikati ya sufu aliweka manyoya ya paka yule yule, aliyoyachana kwa kitana. Mtoto akimnusa, anamjua. Macho yalikuwa vifungo vya makoti ya wachimbaji ambao hawatavaa tena makoti. Na wale paka wengine walilala ndani ya kikapu cha sufu, kila akitaka kujaza ilibidi amwondoe mmoja, naye analalamika kama amedhulumiwa urithi.

Kasoro hakuziacha. Paka akiwa chongo, wa kitambaa alikuwa chongo. Mkia ukiwa umevunjika, ulishonwa umevunjika. Karbidi alikuwa na sikio moja. Mama yake Nilo alileta ujumbe kwa dereva: "Mwambieni Bi Eduviges ahsante sana, ila sikio moja limekatika njiani." Bi Eduviges akakasirika kweli. "Njiani? Lilikatwa na panya wa stoo ya kampuni, mwaka ule wa mgomo! Mwulizeni Nilo." Wakamwuliza Nilo. Nilo alikuwa amelala na yule paka chini ya shati, na hakuna aliyeruhusiwa kumgusa lile sikio.

Baada ya hapo familia zote zilizoondoka zilitumiwa. Kila mtoto paka wake. Na kila Ijumaa Bi Eduviges alikuja hapa stesheni na salamu. Alivua kofia, akakaa kwenye kile kiti kibovu, akaniamuru. "Soma polepole, Saturnino. Wewe unasoma kama unafukuzwa na polisi." Basi nasoma: kwa mtoto Nilo Chambi, Cochabamba, paka wako Karbidi hajambo, jana amekamata panya mkubwa. Kwa watoto wa Ticona, Meneja anawasalimu, hajakamata kitu. Wasikilizaji wapendwa, watu wazima waliniambia walisimamisha gari barabarani wasikilize habari za Meneja. Zilikuwa siku ngumu, na tulicheka. Leo sielewi tulichekaje.

Rómulo, mwanawe wa pekee, aliondoka karibu na mwisho. Siku hiyo nilikuwapo, nilisaidia kufunga kamba. Lori limejaa. Mkewe ameshakaa mbele. Rómulo alisimama chini akamwonyesha mama yake nafasi.

"Mama, panda. Nimekuwekea pale, pembeni ya sufuria, upepo haukufikii."

"Na hawa?" Bi Eduviges aliwaonyesha paka.

"Hawa ni paka, mama."

"Nimewaahidi watoto, Rómulo. Mtoto ukimwahidi, umemwahidi."

Rómulo alikaza kamba moja. Kisha akasema, "Mimi pia ni mtoto wako."

Mnajua Bi Eduviges alijibu nini? Hakujibu. Alikuwa mtu wa maneno kila siku, na pale palipotakiwa neno moja tu, hakulipata. Rómulo akasubiri, kisha akafunga ubao wa nyuma wa lori. "Basi kaa na wanao," akasema. "Usinitafute."

Wara alikuwa na miaka saba. Paka wake alikuwa mdogo, mweusi, mwembamba, anaitwa Mecha, utambi wa baruti. Wara alimshusha Mecha kutoka juu ya lori, akamwekea bibi yake mikononi. "Bibi, mtunze mpaka nirudi."

"Nitamtunza mpaka urudi," akasema Bi Eduviges.

Sikilizeni vizuri hapa, maana msiba wote umekaa hapa. Watoto wengine wote aliwaaga. Aliwaambia wakue, wasome, wasisahau. Hakumwambia hata mmoja kwamba atarudi, kwa sababu alijua hawarudi. Wara peke yake ndiye aliyeambiwa mpaka urudi.

Na Wara peke yake ndiye ambaye hakushonewa paka.

Narudia. Paka wa watoto wote walishonwa na kupelekwa. Mecha wa Wara hakushonwa. Mwaka wa kwanza watu walidhani bibi ana hasira na mwanawe. Mwaka wa pili walidhani amesahau. Bi Casilda hakudhani, yeye alikwenda kuuliza. Amenisimulia juzi, na ameniruhusu niseme, maana anasema yeye siri zimemchosha.

"Nilimkuta anakanda unga. Ilikuwa inakaribia Sikukuu ya Marehemu, anatengeneza mkate wa Hilarión. Nikamwambia, somo, mshonee mtoto paka wake. Watoto wote wa mtaa ule wa Cochabamba wanao, yeye hana. Watamsema. Akaniambia, 'Nimshonee nini, Wara amekufa?'"

Sisi tunaelewa hapo. Mkate wa marehemu mnaujua, ule wenye umbo la mtoto, wenye uso mdogo uliochorwa. Unamfanyia mtu ambaye hatakuja kwa miguu yake. Mtu aliye hai humfanyii umbo. Ukimfanyia umbo mtu aliye hai, umemwambia ulimwengu kwamba huyu nimemaliza naye. Mama zetu walitupiga makofi tukiwa wadogo tukicheza na unga na kutengeneza mkate wa mtu mzima wa afya.

Bi Casilda akamwambia, "Lakini ni paka tu, Eduviges. Ni kitambaa."

"Ni kitambaa kwa wale. Wale wamekwenda. Nawapelekea kile ambacho hawatakiona tena. Nikimpelekea Wara Mecha wa kitambaa, nimemwambia Mecha wako usije kumchukua. Nimemwambia usije. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu? Hapana. Mecha yuko hapa, anakula, ana ngozi yake. Atakuja kumchukua."

"Basi mtumie salamu redioni. Saturnino anasoma bure."

"Kwa Rómulo? Aliniambia nisimtafute."

"Kwa Wara."

"Wara anajua namngoja. Nilimwambia."

Bi Casilda anasema, "Mtoto wa miaka saba, wasikilizaji. Aliambiwa neno moja juu ya lori, na huyu mwanamke alidhani neno hilo litadumu miaka yote kama jiwe." Nilimwambia aongee nami, asiongee na wasikilizaji, wasikilizaji ni wangu.

Miaka ikaenda. Karibu miaka ishirini imekwenda hivyo. Mecha alikufa Wara akiwa bado shuleni. Bi Eduviges alimzika nyuma ya ukuta, akamwambia Bi Casilda anyamaze. Na hata wakati huo hakumshona. Ungedhani sasa angeshona, paka mwenyewe si hayupo? Hakushona. Alimwokota paka mwingine mweusi kwenye nyumba tupu, hakumpa jina, akamlisha vizuri zaidi ya wengine. Bi Casilda akamtania, "Somo, Wara akija utamwambia huyu ndiye Mecha, amenenepa?" Bi Eduviges hakucheka.

Watoto wale walikua. Salamu za Ijumaa zilipungua, kwa sababu paka nao walikuwa wanakufa na Bi Eduviges hakupenda kusema uongo hewani. Alikuwa akija, anakaa kwenye kiti, anasema, "Leo sina, Saturnino." Anakunywa chai, anaondoka. Na paka wapya waliendelea kuja, maana kila nyumba iliyofungwa iliacha mmoja. Dereva mmoja alimletea habari kwamba amemwona Karbidi wa kitambaa huko mjini, amefungwa kwa waya mbele ya lori la taka, kichwa chini, uso umeliwa na vumbi. Nilidhani atalia. Alisema, "Afadhali huyo anatembea. Mimi nimekaa."

Halafu simu za mkononi zikaja. Huku mtandao unashika juu ya kifusi tu, mnajua, tena usimame upande wa msalaba. Bi Casilda alinunua simu. Alipata namba ya nyumbani kwa Rómulo kwa yule dereva. Akamshawishi rafiki yake wiki nzima. Mwisho wake bibi wawili wakapanda kifusi, wameshikana mikono, upepo unataka kuwavua sketi. Namwachia Bi Casilda aseme, kama alivyoniambia.

"Nilibonyeza, nikamwekea sikioni. Ikaita. Nikasikia mtu amepokea. Eduviges akanyamaza. Nikamfinya. Akanyamaza. Halafu akanirudishia simu. Akasema, 'Umekosea namba. Amepokea mama mtu mzima.' Nikamwambia, Eduviges, Wara sasa ni mtu mzima, ulitaka aongee kitoto? Akasimama pale. Nikasema, niipige tena? Akasema, 'Twende, paka hawajala.' Tukashuka. Hakupanda tena kule mpaka tulipompandisha sisi."

Makaburi yetu yako nyuma ya kifusi, kwa wasiojua.

Bi Eduviges alikufa kwa kifua, baridi hii ya sasa. Aliugua siku chache, hakuniita, hakumwita mtu. Bi Casilda alijua asubuhi alipofungua mlango akakuta paka wote wamekaa nje kwake. "Nilijua pale pale," anasema. "Wala msiniambie walikuja kunipa habari ya msiba. Paka hana msiba, ana njaa. Walikuwa hawajalishwa, na Eduviges hajawahi kuacha kuwalisha. Basi amekufa." Tulimkuta kitandani, amejifunika vizuri, shali begani. Paka waliingia nyuma yetu, wakajaa kwenye kikapu cha sufu, weusi kwa weupe. Mezani hapakuwa na kazi yoyote.

Nilitangaza kifo chake hapa Jumatatu. Nasikia kule Cochabamba mama yake Nilo alisikia, akakimbia nyumba ya pili kumwambia Wara. Rómulo hakuja. Wara anasema baba yake amelala ametazama ukuta, hali chakula, hasemi naye. Wara alipanda basi peke yake mpaka Oruro, kisha lori. Barabara iliganda, lori likachelewa. Sisi tukazika Jumanne asubuhi. Alifika Jumatano.

Mimi na Bi Casilda tulikuwa nyumbani kwa marehemu tunawalisha paka. Mlango ukasukumwa. Mwanamke kijana, amevaa koti la mjini, jembamba kwa baridi hii.

"Mimi ni Wara."

"Najua," Bi Casilda akasema. "Una kidevu chake. Pita, mwanangu, kuna supu."

Hakutaka supu. Paka walimkimbia, wakaingia chini ya kitanda, hawamjui. Akachutama akawaangalia. Akauliza, "Mecha ni yupi?"

"Mecha alikufa, mwanangu. Zamani. Wewe ulikuwa bado shule."

Akasimama. Hakulia. Ningependa kuwaambia alilia, ingekuwa rahisi kwetu sote. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha bibi yake, mikono mapajani, akasema alichokuja kusema.

"Nimekuja kuuliza jambo moja, kisha niende. Kule kwetu kila mtoto alikuwa na paka wake wa kitambaa. Nilo alikuwa naye. Watoto wa Ticona walikuwa naye mmoja wanamgombania. Mimi nilikuwa nakwenda barabarani kila lori la huku likifika. Kila lori. Dereva ananiona, anageuza uso. Shuleni waliniambia, 'Bibi yako ana paka wengi, hana nafasi yako.' Baba alisema, 'Si nilikwambia? Amechagua.' Mimi ndiye mjukuu. Niambieni nilikosa nini."

Bi Casilda akamwambia. Alimwambia yote, mkate, unga, kitambaa, mpaka urudi. Alimwambia kwamba kutoshonewa ndiko kulikuwa kupendwa. Alimwambia kwamba kwa watoto wote wa Wilacollo bibi yake alikuwa ameshakata tamaa, ila kwake yeye hakukata mpaka pumzi ya mwisho. Aliongea vizuri. Mimi nimeongea redioni miaka yote hii na sijawahi kuongea vizuri hivyo.

Wara alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kuhusu simu. Je, kuna siku bibi yake alipiga simu? Maana kuna mtu aliwahi kupiga, akasema Wara, akawa haongei, upepo tu unavuma. Alikuwa ameuliza, nani mwenzangu, nani mwenzangu, mara nyingi. Alidhani ni watu wanaocheza. Akamtukana, akakata.

Bi Casilda alisema ndiyo. Ilikuwa yeye.

Wara aliinamisha kichwa. Akasema polepole, kama mtu anayehesabia mwenzake makosa bila hasira: "Yeye alikuwa huku ananingoja. Mimi nilikuwa kule najua hanitaki. Sasa huko kungoja kumemsaidia nani?"

Bi Casilda ana jibu la kila kitu. Mnamjua. Ana jibu la padri, ana jibu la daktari, mimi amenijibu mpaka nimekimbia. Safari hii alichopata kusema ni hiki: "Nikushonee mimi, mwanangu? Ninajua sura ya Mecha. Nitapinda uzi, lakini nitamshona."

"Hapana, mama. Ahsante. Wewe si yeye."

Akatoka. Alikwenda makaburini peke yake, hakukaa sana, pale hakukaliki kwa upepo. Alirudi macho mekundu, na sijui kama ni kwa kilio au kwa vumbi. Hakuchukua kitu nyumbani. Tulimwekea shali, mkasi, subana ya bibi yake ya kushonea, kofia. Alivigusa, akaviacha palepale. Lori la mchana lilikuwa linashuka, akalikimbilia.

Wasikilizaji wapendwa, mnanijua, huwa napenda kuwapa neno la kufariji mwisho wa kipindi. Leo nimelitafuta tangu asubuhi. Paka wamebaki. Bi Casilda anawalisha, lakini binti yake anamwita Oruro na kabla ya baridi kubwa atakwenda. Hatawachukua, mnajua kwa nini. Mimi siwezi, kifua changu hakipatani na manyoya. Hakuna atakayekuja kuwachukua. Sitawaambia uongo hewani, yeye mwenyewe alikataa kusema uongo hewani.

Kwa Rómulo Tarqui, kule ulikolala: pole sana, mdogo wangu. Ulisema neno siku ile ya lori, naye hakulijibu, na wote wawili mmelibeba mpaka leo. Kwa Bi Casilda Yujra: pole, umepoteza mwenzio wa kifusi na wa sindano. Kwa watoto wa Wilacollo, mlioko Cochabamba, Oruro, na hata huko ng'ambo, mliopokea paka wa kitambaa: yule paka alikuwa ni kwaheri. Mlipewa kwaheri iliyoshonwa kwa mkono. Kama bado unayo kabatini, ujue yupo mtu aliyenyimwa kwaheri hiyo kwa kupendwa.

Na kwa kila anayenisikiliza saa hii, mwenye mtu wake aliyekwenda mbali. Huenda unamngoja. Huenda unamwekea chumba, unamwekea nyama kavu, unamlishia paka. Huenda unadhani anajua. Hajui. Nakuambia mimi niliyekaa kwenye chumba kile Jumatano: hajui. Mwambie leo. Nipe hata salamu niisome, nitasoma polepole.

Tunamwombea Bi Eduviges Tarqui pumziko, na tunaipa pole familia yake ya damu, iliyobaki watu wawili wasiozungumza.

Wara alipokuwa ameshika mlango wa lori, mguu mmoja juu, mimi nilimwuliza swali la kijinga, swali ambalo sisi wa Wilacollo tumezoea kumwuliza kila anayeondoka. Nilimwuliza, "Utarudi?"

Akanitazama kama mtu anayetaka kweli kujua. Akaniuliza, "Kwa nani?"